Mtani Aliyeondoka na Betri

Gari letu lilianza kuamka na kelele. Nikiwasha asubuhi, kabla injini haijatulia, ilisikika kama mtu anayetikisa kokoto ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kuku wa jirani walitawanyika. Mke wangu, akiwa jikoni, alisema bila kugeuka, "Haya, kokoto zimeamka. Na mwenyewe kaamka?"

Ni gari la kifahari, au tuseme lilikuwa la kifahari siku mjomba wangu alipolinunua Dar es Salaam. Viti vya ngozi, mbao iliyong'arishwa mbele ya usukani, silinda nane. Mjomba alipochoka kulinywesha mafuta, akanipa mimi kwa maneno machache: "Wewe hutoki nyumbani. Hutalichosha."

Sikulichosha. Kila asubuhi baada ya chai nilikwenda uani, nikawasha, nikafungua redio, nikaegemeza kiti na kusikiliza taarifa ya habari, kisha matangazo ya vifo, kisha bei za mazao ambayo silimi. Nikishiba dunia, nazima na kurudi ndani. Shemeji zangu walikuwa wakisema mimi ndiye mtu pekee Bagamoyo mwenye sebule ya magurudumu. Walidhani wananitukana.

Tatizo ni kwamba mke wangu ni mpishi wa shughuli. Harusi, hitima, maulidi, pilau la watu mia linatoka mikononi mwake, na mafiga yake makubwa hayaingii jikoni. Alikuwa anataka banda, na mahali pa banda ni pamoja tu katika uwanja wetu mzima, pale pale gari lilipolala. Tulibishana kwa muda mrefu. Yeye alileta hoja, mimi nilileta usingizi. Mwishowe, asubuhi moja ya kokoto, akaja kusimama dirishani kwangu na mwiko mkononi.

"Sikiliza, bwana. Maulidi ya nyumbani kwetu Fukayosi yanakaribia, na mpishi ni mimi. Gari lako likinifikisha na masufuria yangu, likanirudisha, basi libaki hapa mpaka liote mizizi. Likitukwamisha njiani, linatoka, banda linaingia. Umekubali?"

Nilikuwa na chapati mdomoni, kwa hiyo nikatikisa kichwa kukubali. Kwa mke wangu, kichwa kilichotikiswa kina nguvu kuliko sahihi.

Fundi anayeyajua magari ya aina hii mjini kwetu ni Mnyamwezi, na mimi ni Mkwere. Kwa msomaji wa mbali nieleze kidogo: tangu enzi za babu zao kushuka pwani na mizigo kichwani, sisi na wao ni watani. Mtani anaweza kukusema vibaya mbele ya wakweo, nawe ukacheka. Anaweza kuondoka na kofia yako, jogoo wako au kiti ulichokalia, na hukasiriki, maana kukasirika ni aibu yako wewe. Utakikomboa kitu chako kwa anachokitaka yeye, kisha utangoja zamu yako. Ndiyo maana mwenye akili hamfanyi mtani wake kuwa fundi wake. Mimi nilikwenda kumwita kwa miguu yangu mwenyewe, na kutembea kwenyewe sikupendi.

Alifika na kelele zake, mtu wa kifua kipana na sauti ya kuuzia mnadani. Akaniamuru niwashe. Akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake sikioni, akafumba macho.

"Zima. Mtani, pole kwa msiba."

"Msiba gani?"

"Mgonjwa hajafa. Ila anatafuna meno yake mwenyewe."

Mimi nina kidato cha nne, na katika Fizikia nilipata alama ambayo mwalimu aliitoa kwa huruma, lakini nilimwelewa. Ndani ya injini mna cheni ndefu kama ya baiskeli, inayozifungua na kuzifunga valvu kwa zamu. Cheni hiyo inapita juu ya reli za plastiki zinazoizuia isipigepige. Plastiki ikishazeeka kwa joto inakauka na kumeguka, na cheni inaanza kupiga ukuta. Hizo ndizo kokoto zetu. Siku cheni ikiruka meno, pistoni na valvu zinakutana mahali zisipotakiwa kukutana.

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu shemeji anapata banda lake," akajibu fundi. Kutoka jikoni nikasikia mtu akicheka.

Reli mpya ziliagizwa Dar, zikaja na basi ndani ya kiroba, nyepesi hata nikahisi tumeibiwa. Kazi ikaanza uani. Feni ikatoka, redieta ikatoka, mikanda ikatoka, mpaka pua ya gari ikawa kama mdomo wa bibi kizee aliyevua meno ya bandia. Fundi aliomba masinia mawili ya mke wangu ya kupangia boliti, kila boliti mahali pake kama ilivyokaa kwenye injini. Mimi nikiomba sinia la kuwekea kikombe ninaulizwa kama nina wageni. Yeye alipewa, tena na kitambaa. Akaomba na rangi ya kucha, akaipata, akatia alama nyekundu kwenye cheni na kwenye magurudumu yake yenye meno, ili virudi vilivyokuwa. Injini ya mjomba wangu ikapendeza kama bi harusi.

Sasa mimi. Sikuweza kukaa ndani, kwa kuwa sebule yangu ilikuwa imefunguliwa pua, na sikuweza kusaidia, kwa kuwa sijui. Fundi akaniona ninavyozunguka.

"Mtani, njoo ufanye kazi. Ingia, kanyaga breki, usiachie. Cheni ikiwa wazi hivi, injini inaweza kujizungusha yenyewe."

Nikaingia. Nikakanyaga. Nilikanyaga kwa moyo wangu wote, nikitazama mbele kama rubani, nikiona fahari kwamba hatimaye uzima wa injini uko chini ya unyayo wangu. Mguu ukaanza kufa ganzi, nikabadilisha mguu. Kisha nikasikia harufu ya vitumbua. Nikatazama kwenye kioo cha pembeni: fundi na mke wangu wamekaa kibarazani, wanakunywa chai, wananitazama. Mke wangu alikuwa amejiziba mdomo kwa upande wa kanga.

"Fundi!" nikapaza sauti. "Bado tu?"

"Kaza, mtani! Ukiachia linakwenda Kaole!"

Gari halina redieta wala mikanda, na nusu ya injini iko kwenye masinia. Lingekwenda Kaole na nini? Nilishuka nikichechemea, na vitumbua vilikuwa vimekwisha.

Nalieleza jambo hili ili mjue nilikuwa na akili gani baadaye. Kila alilosema mtu huyu lilikuwa na ndoano ndani yake. Aliniambia kaona kiota cha panya chini ya injini, nikalala chali mchangani kukitafuta, hakipo. Aliniambia reli mpya lazima zipulizwe na mwenye gari ndipo zikubali, nikapuliza. Kila jioni kazi ilikuwa inabakiza kidogo tu, na kila mchana kidogo hicho kilikuwa kinakula wali sahani mbili.

Hata hivyo mikono yake haikuwa na masihara. Aliingiza reli mpya, akavuta cheni mpaka alama nyekundu zikatazamana, akaizungusha injini taratibu kwa spana, akahakikisha, akafunga. Redieta ikarudi, feni ikarudi. Kwa macho yangu gari lilikuwa zima. Maulidi keshokutwa.

Yeye akachukua sinia lenye mabaki ya reli za zamani. Zilikuwa za kahawia, kavu, kama kashata iliyoungua. Akaanza kuziunganisha vipande kwa vipande, kama mtu anayerudisha sahani iliyovunjika. Alipomaliza, reli moja ilikuwa na pengo.

"Kipande kimoja hakipo," akasema. "Kimeangukia tumboni, kwenye sampu ya oili. Mtani, usiwashe gari. Oili ikianza kuvutwa, kile kitakwenda kuziba chujio, injini itakauka koo. Kesho nashusha sampu."

Nikamtazama. Uso wake ulikuwa mkavu, lakini hata siku ya breki ulikuwa mkavu.

"Kesho wanapika nini ndani?" nikamuuliza.

"Nimesikia maharage ya nazi."

"Basi ndiyo maana kipande kimepotea."

Akacheka, mimi nikacheka, tukaagana. Nilijiona nimekwisha kuwa mjanja. Nilingoja aondoke, nikaoga, nikavaa msuli msafi, nikachukua ufunguo. Nilitaka kuwasha kidogo tu, nisikilize ule ukimya mpya, halafu nisikilize taarifa ya habari. Mke wangu alinikuta nikifungua mlango wa gari.

"Si kasema usiwashe?"

"Kasema pia nizipulize reli."

Nikakaa, nikaegemea, nikasoma bismillahi, nikazungusha ufunguo.

Kimya. Hata taa ndogo ya mbele yangu haikuwaka. Nikazungusha tena. Nikashuka, nikafungua boneti. Mahali pa betri palikuwa na shimo la mraba, na ndani ya shimo palikuwa na kitumbua kimoja juu ya kipande cha gazeti.

Mtani wangu alikuwa ameondoka na betri. Katika kuagana kule kwa vicheko, mbele ya macho yangu, ilikuwa ndani ya begi lake la spana.

Niliwaka, ingawa gari halikuwaka. Nilizunguka uani nikisema nitakwenda polisi, nitakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nenda. Uwaambie Mnyamwezi kachukua mali ya Mkwere. Wakimaliza kucheka, urudi na mkaa." Nikala kile kitumbua. Usiku ule gari lilikuwa zito na jeusi pale uani, na kwa mara ya kwanza nililiona kama mke wangu anavyoliona, kitu kilichokalia mahali pa banda.

Asubuhi alikuja na bodaboda, betri mapajani kama mtoto mchanga.

"Nakomboa kwa nini?" nikamuuliza kabla ya salamu.

"Jogoo."

"Yupi?"

"Yule mwenye dharau."

Nina jogoo mmoja tu, na kweli ana dharau. Fundi akamfunga miguu, akamweka kivulini, ndipo akalala chali chini ya gari. Oili ya zamani ikamwagika kwenye beseni, nyeusi tii. Boliti za sampu zikatoka moja moja, sampu ikashuka. Nilisimama karibu, nikiwa na maneno yangu ya kumkomesha yakiwa yamepangwa tayari ulimini.

Akatoka chini ya gari, mkono umelowa oili mpaka kwenye kiwiko. Akalifuata sinia, akafungua kiganja. Kilikuwa kipande cha kahawia kama ukucha wa kidole gumba. Akakiweka kwenye pengo. Kikakaa barabara, kama kigae kwenye mtungi.

"Kilikuwa kimeshaegemea chujio," akasema.

"Mbona hukuniambia kwa sauti ya mtu mzima?" nikamuuliza.

"Mtani, mimi sauti hiyo sina. Na ningekuwa nayo, usingeijua ni yangu. Nikaona betri itanisemea."

Mke wangu alikitazama kile kipande. Kisha akanitazama mimi. "Na ulishasoma na bismillahi," akasema.

Siku ya maulidi tuliondoka alfajiri, buti limejaa masufuria, miiko na gunia la mchele, viti vya ngozi vya nyuma vimekaliwa na vitunguu. Nilishika usukani kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Tuliifuata barabara ya Msata, mimi nikisikiliza injini, mke wangu akinisikiliza mimi. Tulipopunguza mwendo kwenye matuta, akanishika bega.

"Limezima!"

Moyo ukanishuka mpaka kwenye kandambili. Nikatazama mshale wa mizunguko ya injini. Ulikuwa umesimama mahali pake, umetulia. Nikakanyaga mafuta kidogo, gari likaitika kwa sauti ya chini, nene, kama mtu anayesema "naam" akiwa usingizini.

"Halijazima," nikasema. "Limenyamaza. Ndivyo linavyotakiwa kuwa."

"Kumbe," akasema. Akafunga macho, akaegemeza kiti, akalala mpaka Fukayosi.

Pilau lilitoka vizuri, kasida zilisomwa, wakwe walilizunguka gari na kulipapasa, na jioni tukarudi na masufuria matupu yakigonganagongana nyuma. Hiyo ndiyo kelele pekee iliyosikika njia nzima. Gari lilibaki. Mke wangu ni mtu wa ahadi.

Ila pale Fukayosi watu walikuwa wamemwona mpishi anayefika na masufuria yake mwenyewe kwenye gari la silinda nane. Wakaanza kumwita, mara Kiwangwa, mara Kaole. Na gari likiondoka asubuhi na mapema, pale lilipolala panabaki wazi, na mahali palipo wazi ni mahali pa mafiga, ambako wasaidizi wake hubaki wakipikia shughuli nyingine. Sasa kuna miti minne na turubai linalotandazwa mchana na kukunjwa jioni gari likirudi. Dereva ni mimi. Ngozi ya viti inanuka bizari, na redio imeshikwa na mke wangu, anayependa taarabu.

Nikishamfikisha kwenye shughuli, siwezi kurudi nyumbani, kwa maana sebule yangu iko nami barabarani na uani kwangu kunachemka. Kwa hiyo naenda gereji kwa mtani. Ana kiti kimoja kizuri cha kamba chini ya paa la bati, na redio ndogo. Nafika, nakaa kwenye kiti hicho, nakiegemeza ukutani, natafuta stesheni ya taarifa ya habari. Yule jogoo, ambaye hakuchinjwa, ananipita na dharau zake.

Fundi anasimama mbele yangu na spana mkononi, akitazama kiti chake.

"Mtani," anasema, "mimi nikae wapi?"

Namwambia aingie kwenye gari, akanyage breki.