Namna Nilivyomlipa Mwalimu wa Michezo

Timu yangu ilichukuliwa wakati wa chai, katika ofisi ya walimu ya shule moja ya Masasi, na aliyeichukua alikuwa mwalimu wa michezo.

Mimi ni mzaliwa wa Singida. Besiboli niliijua chuoni, kwa mwalimu wa kujitolea aliyetoka Japani, na nilipopangiwa Masasi kufundisha jiografia nilikuta stoo kuna glavu zilizotafunwa na panya. Hakuna aliyejua ni za kazi gani. Nikazishona. Wanafunzi na mimi tukafyeka magugu nyuma ya mabweni, tukapima vituo vinne vya wakimbiaji kwa kamba ya katani, na kila jioni tukawa tunatafuta mipira chini ya mikorosho ya jirani hadi giza linatukuta. Mwalimu wa michezo alikuwa akipita na mpira wake wa miguu bila hata kutugeukia. Tulipoitwa Dar es Salaam kwenye mashindano ya taifa, ndipo alipotuona.

"Mwenzetu ametusaidia sana kuokota mipira," aliwaambia walimu huku akikoroga chai yake. "Lakini safari ni safari. Timu inahitaji kocha. Halafu yeye ana mtoto mdogo."

Baadhi wakacheka, kicheko kile cha watu wasiotaka ugomvi. Mkuu wa shule akatazama dirishani.

"Mtoto wangu ana bibi yake," nikasema.

Siku ya safari basi likaondoka na vijana wangu, yeye kiti cha mbele, amevaa kofia niliyopewa na mwalimu wangu wa chuoni. Alikuwa ameiazima kwa siku moja.

Baadaye nilihamishiwa Newala. Walimu wengine wakisikia Newala huanza kutafuta daktari wa kuwaandikia ugonjwa, kwa ajili ya shida ya maji na ukungu wa asubuhi. Mimi nilipakia godoro langu kimya. Nilikuwa na jambo moja moyoni: kumfunga mtu yule kwenye uwanja nilioufyeka mimi, wanafunzi na walimu wake wakitazama.

Nilimjua vizuri. Kwake besiboli ilikuwa kupiga mpira mbali na kukimbia. Vijana wake walipokuwa wakishambulia, alisimama karibu na kituo cha tatu akiwapungia mkono wasisimame, wazunguke hadi nyumbani, kituo cha mwisho kinacholeta pointi, hata pale ambapo mtu mwenye akili angebaki alipo. Ulinzi hakuufundisha kabisa. Kwa hiyo huko Newala gongo la kupigia mpira nikalifungia kabatini, nikaanza na ulinzi.

"Mnaolinda mko tisa," niliwaambia siku ya kwanza, "na mpira ni mmoja. Aliye nao kazi yake inajulikana. Nataka kujua nyie wanane wengine mnafanya nini."

Kilichonisumbua zaidi ni heshima. Mpira ukipanda juu kati ya kijana wa kidato cha nne na wa kidato cha kwanza, mdogo alirudi nyuma ampishe kaka yake, na kaka alisubiri mdogo aliyekuwa karibu zaidi. Mpira ukaanguka katikati yao, wote wawili wakiutazama kwa adabu.

"Kwa nini hukudaka?" nilimwuliza mdogo.

"Nilimwachia kaka, madam."

"Na wewe?"

"Nilijua dogo anadaka."

Nikaweka sheria. Anayeuona mpira vizuri apige kelele, "Wangu!" Akishasema, hata awe mdogo wa wote, wakubwa wampishe na kukimbilia nyuma yake, ili ukimponyoka ukute mtu. Ilichukua muda. Yule wa kidato cha kwanza alisema "Wangu" kama anayeomba ruhusa ya kwenda chooni. Nikamfanya aliseme neno hilo akiwa upande wa pili wa uwanja, tena na tena, hadi sauti ikatoka. Wiki chache baadaye bibi yake alinisimamisha sokoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye unayemfundisha mjukuu wangu kuwafokea wakubwa?"

"Uwanjani tu, bibi."

Akanipima kwa macho. "Basi mwambie na nyumbani afoke kidogo. Babu yake hasikii."

Siku lilipokuja boza la maji, shule nzima ilipanga mstari kupitisha ndoo hadi kwenye tangi. Huko maji ni mali, hakuna anayekubali yamwagike. Niliona kwamba kabla ndoo haijaondoka mkononi mwa mmoja, mikono ya mwenzake ilikuwa tayari imenyooka, na wa tatu amekwisha geuza mwili. Niliisimamisha timu yangu pembeni nikawaambia watazame. Jioni ile hatukugusa mpira, tulipitisha ndoo uwanjani kutoka mwisho hadi nyumbani. Kesho yake tukaweka mpira mahali pa ndoo, wakaelewa.

Kisha nikawafundisha mtego uliokusudiwa mtu mmoja tu, mwalimu wa michezo na mkono wake wa kupunga. Mkimbiaji wa wapinzani akiwa anaingia kituo cha tatu, wetu wa kituo cha pili arushe mpira juu, upite kituo cha tatu kana kwamba umemponyoka. Mlinzi wa nje wa kushoto awe amekwisha kimbia kimya kimya hadi nyuma ya kituo, audake, aurushe nyumbani kabla mkimbiaji hajafika. Mlinzi akichelewa, tumejifunga wenyewe. Tulirudia hadi wakauchukia.

"Hii ni besiboli au kesi?" mume wangu aliniuliza, aliponikuta nachora vituo kwa mkaa kwenye sakafu ya jikoni.

"Kesi," nikamwambia.

Tulipofika Masasi kucheza, mwalimu wa michezo alinipokea kwa mikono miwili. "Karibu nyumbani. Naona umetuletea watoto watulivu."

"Tumekuja kujifunza," nikamjibu.

Walipiga, na walipiga kweli. Lakini kila mpira ulikuta mtu, na nyuma ya mtu kulikuwa na mtu. Kijana wangu wa kidato cha kwanza alipiga kelele "Wangu!" hadi waliokuwa kwenye kivuli cha madarasa wakageuka. Sisi tulipata pointi moja, ya bahati, mpira ulipompita mlinzi wao na nyuma yake hapakuwa na mtu.

Ilipofika zamu yao ya mwisho, wawili wao wakiwa wameshatolewa, mkimbiaji wao akatoka kituo cha pili kwenda cha tatu. Nilimtambua. Nilimfundisha mwenyewe kuvaa glavu. Nikaona mpira unapaa juu ya kituo, nikaona mwalimu wa michezo ananyanyua mkono, anaupunga kama mtu anayefukuza nyuki. Kijana akaendelea kukimbia. Mpira ukafika nyumbani kabla yake, ukamsubiri; akatolewa, na mchezo ukaishia hapo, sisi moja, wao bila.

Alibaki chini vumbini. Nikamsogelea.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba."

"Niliambiwa nikimbie."

"Najua, mwanangu."

Mwalimu wa michezo alikuwa amekwisha fika, anamfokea. Walimu wote walikuwa pale, pamoja na mkuu wa shule. Sikupandisha sauti.

"Mwalimu, usimseme mtoto. Mkono uliompungia ni wako."

Safari hii hakuna aliyecheka. Watu husema kisasi ni kichungu. Changu kilikuwa kitamu kama bibo la mkorosho lililoiva, na kama bibo kilinikaba koo kidogo kwa sababu ya yule kijana. Hata hivyo nilikimeza chote.

Muhula uliofuata mwalimu wa michezo alipanda Newala bila kuniarifu. Nilimkuta amekaa kwenye tofali kando ya uwanja wetu.

"Nimekuja kuona mnavyofanya mazoezi," alisema. "Tusaidiane. Sisi wote ni walimu."

"Karibu sana," nikasema. Nikamwagizia chai.

Kisha nikawaita vijana, nikawaambia wakimbie kuzunguka uwanja. Walipomaliza nikawaambia wazunguke tena. Wakanyoosha viungo, wakaruka kamba, wakapiga pushapu. Yeye akatazama, kalamu mkononi, jua likihama kutoka bega moja hadi jingine. Nahodha wangu alinijia akitweta.

"Madam, leo hatushiki mpira?"

"Endelea kukimbia."

Jioni mgeni alikunja karatasi yake, akaniaga, akaenda kuwahi gari la Masasi. Nilimsindikiza hadi barabarani, kama inavyopasa, nikangoja hadi gari likapotea kwenye kona. Halafu nikarudi, nikafungua stoo, nikatoa glavu.