Mguu wa Budeba Ulionyamaza

Mume wangu Budeba akicheza bugobogobo, hata ng'ombe wanaacha kula. Ngoma hiyo tulihama nayo kutoka Usukuma tulipokuja na mifugo huku Usangu: wakulima mstari mmoja, ngoma inalia, kiongozi mbele anarusha jembe juu, anazunguka kwa mguu mmoja, analidaka. Ng'ombe wa mahari waliwafurahisha baba na baba zangu wadogo. Mimi Roza nilimpendea jembe.

Basi mvua za mwaka sabini na sita akakanyaga shimo la ukwato wa ng'ombe, kifundo kikateguka. Kilivimba, kikapona. Lakini akiangalia jembe juu, mguu unayumba. Akiangalia mguu, jembe linaanguka. Alilaumu mpini, akachonga mwingine, akaulaumu na huo. Asubuhi akinawa uso, akifumba tu macho kwa sababu ya sabuni, anashika ukuta. Nikimuuliza, ananijibu, "Mama Kalista, niache." Mficha maradhi kifo humuumbua. Na ngoma ya mavuno ilikuwa inakaribia, na Magesa, wa pili wake kwenye mstari, alishaanza kuitamani nafasi ya mbele. Mtu akiipoteza ile nafasi, hairudi.

Nikamburuta mpaka zahanati. Yohane, mganga wa pale, akambonyeza kifundo, akamsimamisha kwa mguu mmoja, akamwambia afumbe macho. Budeba akamwangukia.

"Mfupa umepona," Yohane akasema. "Ila zamani mguu ulikuwa unakujulisha uko wapi bila kuutazama. Sasa umenyamaza, ndiyo maana unauchungulia. Ufundishe upya. Simama hivihivi kila siku."

Akawa anasimama zizini, mguu mmoja juu, macho kafumba, kashika mgongo wa dume. Majirani walicheka mpaka basi, wakisema Budeba kageuka ndege. Niliwajibu vibaya, wala sijutii. Baadaye akamwachia dume. Baadaye tena akasimama na ndoo ya maziwa mkononi, akamwaga kidogo, nami nikanyamaza. Si kawaida yangu.

Siku ya ngoma Magesa alijiweka mbele mwenyewe. Budeba akamgusa bega, akampita. Ngoma ikakolea, jembe likaruka, watu wote wakainua nyuso. Mimi hilo jembe sikuliona. Niliyatazama macho ya mume wangu, nikiomba yasishuke kwenye ule mguu.

Hayakushuka. Akazunguka, nikasikia mpini ukigonga kiganja. Nililia palepale, mbele ya mke wa Magesa, na wala sikujifuta.