Nilisema ni Maji

Chumba changu cha kazi hakina dirisha. Kilikuwa stoo ya mashuka ya wodi ya wazazi, na nilipohamishiwa hospitali hii ya mwambao wa Kilwa nilikiomba mwenyewe, kwa sababu masikio ya mtoto mchanga hayapimwi penye kelele. Nikagongomea magodoro chakavu ukutani, nikaziba upenyo wa mlango kwa kanga kuukuu. Ukiwa mle ndani hujui kama nje kunanyesha au kunawaka jua. Wauguzi walikiita kaburi, nami nikacheka nao. Mwaka jana niliacha kucheka.

Kazi yangu ni kupima usikivu. Mtoto akizaliwa, kabla mama yake hajaruhusiwa, namwekea kizibo kidogo cha mpira sikioni, mashine inapeleka mlio na kusubiri sikio lijibu. Ikiwaka taa ya kijani, mama nenda salama. Ikiwaka ya chungwa, mtoto arudi baada ya wiki chache apimwe tena, kwa kuwa wachanga wengi hutoka na majimaji na utando masikioni, na vikikauka wanapita vizuri kabisa. Kwa hiyo akina mama wote nawaambia neno moja: huenda ni maji. Ni kweli, kwa walio wengi. Wale wachache ambao si maji hawana muda wa kusubiri. Inatakiwa wajulikane kabla ya miezi mitatu na wavalishwe vifaa vya kusikia kabla ya miezi sita, la sivyo lugha inawapita wakiwa wamelala.

Shida yetu haikuwa kupima. Shida ilikuwa kurudi. Ufuatiliaji ulikuwa kazi ya karani, naye alipiga simu mara mbili, isipopokelewa akaandika "hajarudi" na kugeuza ukurasa. Siku moja nilikwenda kwa mganga mfawidhi nimefura kama andazi. Nikamwambia karani hajui yupi anaweza kusubiri na yupi hawezi, nipe mimi hilo daftari. Akanitazama juu ya miwani yake.

"Utaliweza? Uko peke yako."

Nikasema nitaliweza. Hasira zangu zina tabia ya kuahidi mambo kwa niaba yangu.

Jambo la kwanza nililofanya ni kuchora safu mpya. Huku kwetu mwanamke mwenye mimba ya kwanza huenda kujifungulia kwao. Anakaa kwa mama yake siku arobaini, anakandwa maji ya moto, ananyweshwa uji wa pilipili manga, na mtoto hatolewi nje. Arobaini ikiisha anarudishwa kwa mumewe, pengine wilaya nyingine kabisa. Ukimwuliza wodini unakaa wapi, atakutajia nyumba anayolala wiki hiyo. Miaka yote karani alikuwa akiwatafuta watoto katika nyumba walizokwisha kuhama. Mimi nimezaliwa hukuhuku, mama yangu alinizalia kwao vilevile, basi nikapiga mstari kwa rula na kuandika juu yake: Baada ya arobaini atakuwa wapi? Nilijiona fundi.

Binti ninayetaka kusimulia habari zake hapa alikuwa na miaka kama ishirini, uzazi wake wa kwanza. Alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye nywele nyingi. Taa ilikuwa ya chungwa kulia na ya chungwa kushoto. Nikamwambia huenda ni maji, nikamjazia safu zangu. Kwao ni Kinjumbi. Baada ya arobaini: Mtama, kwa mume, nyuma ya mashine ya kusaga. Simu: ya baba yake mzazi.

Wiki ya nne hakuja. Nilijua hatakuja, arobaini haijaisha. Mtu wa kufuatilia anafuata, nikatia mashine yangu kwenye mkoba nikamfuata Kinjumbi.

Baba yake alinipokea barazani. Alikuwa muadhini wa msikiti wa pale, mzee mwembamba mwenye sauti nene isiyolingana na kifua chake. Nilipomwambia shikamoo aliitikia marahaba ndefu, halafu akaanza utani.

"Kumbe wewe ndiye mama wa masikio! Umekuja na waya zako kumpima mjukuu wangu? Huyu mimi nimeshampima, mwanangu."

"Umempima vipi, babu?"

"Siku ile alipoletwa kutoka hospitali nilimpokea mikononi, nikamwadhinia mwenyewe, sikio la kulia. Nilipofika hayya alas-swalaa, akashtuka! Akafumbua macho, akanitazama. Huyu kaisikia adhana kabla hajalisikia jina lake. Sasa waya zako zitamwongezea nini?"

Alisema hayo kwa furaha ya mtu aliyekwishayasema kwa majirani wote. Nikacheka, nikaomba niingie ndani.

Binti alikuwa kitandani, mtoto amelala mapajani. Nikamulika kwanza kwa tochi ya masikio. Njia zilikuwa safi, kavu, na ngoma ya sikio ilikuwa inang'aa kila upande. Hapakuwa na maji. Nikaweka kizibo. Chungwa. Nikageuza mtoto. Chungwa. Nikarudia mara tatu, nikabadili kizibo, nikazuia pumzi yangu mwenyewe isije ikaharibu kipimo. Chungwa. Sikuhitaji kuambiwa na mtu. Kilichobaki kilikuwa kuwaambia palepale, kisha kumwandikia rufaa ya kwenda Dar es Salaam kwenye kipimo kikubwa.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni.

"Haya, inasemaje mashine yako?"

Nimeurudia wakati ule mara nyingi, na kila mara najikuta nina nafasi ya kutosha. Hakuna aliyenikaba. Lakini yule mzee alikuwa ananitazama huku akitabasamu, na kwake kusema mtoto hasikii kulikuwa kusema ile adhana haikufika. Nilimwonea haya. Mimi niliyekwenda kumfokea mganga mfawidhi, nilimwonea haya mzee wa watu nyumbani kwake.

"Ni maji tu, babu," nikasema. "Yatashuka."

"Si nilisema!" Akapiga kofi moja, akarudi barazani.

Binti akainua macho. "Yatatoka yenyewe, dada?"

"Yatatoka. Arobaini ikiisha mlete nimwone tena."

Nilijipa moyo kwamba akija hospitalini, tukiwa wawili bila mzee, nitamwambia ukweli. Nikamwandikia tarehe kwenye kadi ya kliniki. Tarehe ikafika, ikapita. Nikapiga simu, akapokea mzee.

"Mama mtoto keshakwenda kwa mumewe, mwanangu. Mtoto mzima, alhamdulillahi, kanenepa. Yale maji yanashuka taratibu kama ulivyosema."

"Babu, ingefaa aletwe…"

"Usijitie presha. Wewe mwenyewe ulisema yatashuka."

Simu ya mkwewe, akasema, ilikuwa imeharibika. Nilikaa kwenye kile chumba nimeishika yangu mkononi, mlango umezibwa kwa kanga, na kwa mara ya kwanza nikaona kinanibana. Nilipiga tena mwezi uliofuata, na uliofuata. Kila nikipiga, uongo wangu ulinirudia kwa sauti ile nene, umeshiba, umevaa vizuri, na sasa ulikuwa wa ukoo mzima. Ningeukanaje kwenye simu? Ningeanzia wapi? Nilikuwa nimejifungia mwenyewe na ufunguo nimempa yeye.

Mtu atauliza: si ulikuwa na anwani? Nilikuwa nayo. Mtama, nyuma ya mashine ya kusaga, kwa mwandiko wangu, kwenye safu yangu. Masika yalipokata barabara ya kwenda Lindi, niseme ukweli, nilifurahi. Niliandika "barabara imekatika" na nikalala vizuri. Barabara ikatengenezwa, magari yakapita. Nikajitia hamnazo. Miezi mitatu ikaisha, na sita ikaisha. Siku moja ya kazi nyingi nikaandika kwenye mstari wake "familia imehama," nikageuza ukurasa kama karani.

Halafu nikasifiwa. Kwenye kikao mganga mfawidhi aliliinua daftari langu juu, akasema tangu lishikwe na mtaalamu wa usikivu hakuna mstari ulioachwa wazi, kila mtoto asiyerudi ana sababu yake. Wakapiga makofi. Nilikaa katikati ya yale makofi sina pa kutokea, natabasamu mpaka mashavu yakaniuma. Wakaamua nifundishe wenzangu wa hospitali nyingine kuijaza ile safu.

Siku ya mafunzo nililifungua daftari mezani. Muuguzi mmoja mgeni, msichana mpole aliyekuwa akiandika kila ninachosema, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Samahani dada, huyu wa Mtama. Anwani ya baada ya arobaini ipo hapa. Mbona umeandika amehama? Si ndiko alikohamia?"

Hakuwa ananishika uongo, alitaka kuelewa tu. Nikamjibu kwamba ni makosa yangu. Kulipokucha nilikuwa njiani kwenda Mtama.

Mashine ya kusaga ilikuwa inafanya kazi nilipofika. Ngurumo yake iliingia mpaka kwenye meno, nikaziba masikio kwa mtandio. Nyuma yake palikuwa na nyumba ya tofali, na chini ya ukuta ule unaotikisika mtoto wa kike wa miezi kumi alikuwa amelala juu ya mkeka, usingizi wa raha, kinywa wazi.

Mama yake alinitambua kabla sijabisha hodi.

"Dada! Nilijua tu utakuja." Akanivutia kigoda kivulini, akaniletea maji ya kunywa. "Kelele hizi ndizo zilikuwa zinanitia hofu nilipohamia, lakini mwanangu hazimsumbui hata kidogo. Analala tu. Ila amekuwa mkimya. Alikuwa akibwabwaja, sasa hata hilo ameacha. Nikajua ni yale maji."

Nikamwuliza mbona hakumleta.

"Si ulisema yatatoka yenyewe? Nikaona nikikusumbua kabla hayajatoka utaniona sina subira." Akaingia ndani, akatoka na kitambaa cheupe kilichokunjwa pande nne. "Kila siku nikimaliza swala ya adhuhuri namlaza kiubavu juu ya hiki. Sikio la kulia, halafu la kushoto. Halafu natazama kama kimelowa." Akakikunjua na kunipa. Kilikuwa kimefuliwa mpaka kimekuwa chembamba, hakikuwa na doa. "Hakijawahi kulowa hata siku moja, dada. Au namlaza vibaya?"

Nililia. Sikulia kwa staha ya mganga, nililia kwa kwikwi, na yule binti akawa ananipangusa kwa ncha ya kanga yake bila kujua kosa langu. Mashine ya kusaga ilipozimwa kwa mapumziko ya mchana nilimpima mtoto kwa utaratibu wote, nikijua jibu. Kisha nikamwambia. Nikamwambia hasikii, hakuna maji, na hayakuwepo hata siku ile Kinjumbi. Nikamwambia nilijua siku ile. Nikamwambia bado kuna la kufanya, tutakwenda Dar es Salaam pamoja, lakini miezi niliyompotezea siwezi kumrudishia.

Hakupiga kelele. Alikichukua kitambaa chake mapajani pangu, akakikunja tena pande nne, polepole, akilinganisha pembe.

"Sikukosea kumlaza, basi," akasema. Ikanichukua muda kuelewa kwamba anajiambia mwenyewe. Kisha akanitazama. "Baba mpigie wewe. Yale ya maji ulimwambia wewe, na haya ya leo mwambie kwa kinywa chako."

Nikapiga palepale, naye amekaa mbele yangu na mtoto begani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu! Haya, maji yametoka?"

"Hayakuwa maji, babu. Mjukuu wako hasikii. Nilijua tangu siku ile nilipokuja kwako, nikakuficha."

Nikasikia kuku wa Kinjumbi, na mtu akitwanga. Nilitamani anitukane.

"Lakini nilipomwadhinia alishtuka," akasema, na ile sauti ilikuwa imepungua. "Alifumbua macho. Sasa alishtuka nini?"

Yule binti alikuwa ananitazama mdomo, anasubiri na yeye.

"Pumzi yako, babu," nikasema. "Ilimpuliza sikioni."