Lori Lililopona Siku Tatu

Majina ya watu wote wa habari hii ninayo kichwani, hata la mke wa fundi na la mbwa wa jirani. Siyaandiki. Wenyewe wapo, wanakula na kulala, na mie sitaki kesi.

Mume wangu alipofariki aliniachia nyumba ya Tabata na lori moja la kubebea mchanga, tipa la zamani kuliko wajukuu wangu wote. Lori hilo ndilo lililotulisha. Dereva wake alikuwa mtoto wa mdogo wangu. Mdogo wangu alikufa mtoto bado ananyonya, nikamchukua, nikamnyonyesha pamoja na wa kwangu, huyu titi hili na huyu titi lile. Alikua ananiita mamkubwa, mie namwita mwanangu. Wangu wa kuwazaa walitawanyika mikoani, yeye akabaki. Alioa, akapata watoto, na vyumba vyake vilikuwa hapo hapo uani kwangu, hatua chache kutoka lori linapolala.

Ugonjwa wa lori ulianza baada ya masika. Gari kubwa breki zake ni za upepo. Injini inajaza upepo kwenye mitungi miwili iliyofungwa chini ya ubavu, na upepo huo ndio unaoziachia breki. Ukiisha, breki zinashika zenyewe, gari haliendi hata mlisukume mtaa mzima. Basi jioni lori linalala limeshiba, mshale wa geji uko juu. Asubuhi mshale umelala chini kabisa. Hapo lazima injini ingurume weee mpaka upepo ujae tena, moshi mweusi unaingia kwa majirani, na wateja wa mchanga nao hawasubiri, wanampigia simu mwingine.

"Mamkubwa, hili gari limechoka," mwanangu ananiambia, anagonga kioo cha geji kwa kucha. "Tuliuze likiwa bado linatembea."

Mie sikutaka. Nimewaona wajane wenzangu waliouza gari la marehemu. Mwaka haukuisha, wakawa wanakaa kwa wakwe zao wanaosha vyombo.

Tukamwita fundi wa Temeke, aliyelitengeneza tangu enzi za mume wangu. Mzee wa kofia, mpole, mgongo umeshaanza kumsumbua. Akanieleza kwamba upepo ukivuja kwa nguvu unausikia, lakini ukivuja polepole hauna sauti wala haulowanishi kitu. Unautafuta kwa sabuni. Unakoroga povu, unachukua brashi ya rangi, unapaka kila kiungo, kila nati na kila mpira, halafu unatulia unaangalia. Palipo na tundu, povu linavimba kama jicho la chura.

Nikaichungulia ndoo yake. "Fundi, sabuni niachie mie. Nimefulia watu tangu niko msichana. Hiyo yako ni maji ya kuoshea vikombe."

Akacheka. "Haya bi mkubwa, leo wewe fundi, mie kibarua wako."

Nikamkorogea nzito. Akapaka kwenye injini, akapaka breki za mbele na za nyuma. Alipotaka kuingia chini, mwanangu akamshika bega. "Mzee, mgongo huo. Huku kwenye mitungi nipake mie." Akaingia na brashi, akatoka. "Chini kuzima, hakuna tundu."

Fundi akabadilisha mpira mmoja uliochakaa. Kesho yake asubuhi mshale chini. Akaja tena, na tena. Kila akija mchana, gari halivuji popote.

Mwanangu akaanza kunitia maneno. "Huyu mzee anakula kwako, mamkubwa. Anakaza hapa, analegeza pale, ili umwite tena." Nikamwamini. Nilipanda bodaboda mpaka Temeke, nikasimama mlangoni pa gereji, wateja wake wanasikia, nikamwita yule mzee mwizi. Alikuwa na spana mkononi. Akaitazama ile spana, hakunijibu neno. Mie nikaona, ehee, kimya hicho ni cha mwenye hatia.

Nikakubali kuuza. Mwanangu ndiye aliyeleta mnunuzi, tukapatana aje Jumamosi ya wiki inayofuata alichukue.

Jumapili kabla ya hapo mwanangu akapata msiba wa upande wa mkewe, huko bara. Simu ilimkuta ndiyo kwanza anaegesha gari. Akaoga mbio mbio, wakaondoka na mkewe na watoto kuwahi basi. Jumatatu asubuhi nikapanda kwenye lori na magoti yangu haya, nikaangalia geji. Ni geji ya zamani, inasoma hata injini ikiwa imezimwa. Mshale uko juu! Jumanne juu. Jumatano ulikuwa umeshuka upana wa kucha tu, na fundi aliwahi kuniambia kwamba gari lisilopoteza hata kidogo halipo.

Hapo nikafanya jambo ambalo wanawake wa jumuiya yetu hawajaacha kunicheka. Wiki iliyotangulia walikuja kuliombea lile lori, tukaliwekea mikono kwenye boneti. Basi Jumatano mchana kwenye jumuiya nikasimama, nikatoa ushuhuda. Nikasema Mungu amezigusa breki zetu. Wakapiga makofi, mmoja akalia. Nikasema na mnunuzi nitamrudisha.

Jioni ile mwanangu akarudi. Akanisalimia, akashika ufunguo wa gari, akaenda kuinama chini kumwaga maji ya mitungi kama kawaida yake. Alhamisi asubuhi mshale ulikuwa chini.

Nikaenda gengeni kununua nyanya. Mwenye genge ni mwenzangu wa jumuiya, habari zilishamfikia, maana moshi wetu unaingia kwake kwanza.

"Shoga, lori lako limerudi nyuma kwenye imani?" akanipigia kelele. "Au mlilibatiza kwa maji machache?"

Watu wakacheka, na mie nikacheka. Njiani kicheko kikaniisha. Lori limepona siku tatu. Katika siku hizo tatu, nani hakuwepo? Wazo likanijia nikalifukuza. Nilijionea aibu, mtu mzima mie, kumshuku mtoto niliyemnyonyesha.

Alhamisi saa kumi na moja jioni aliegesha, akainama chini ya gari kidogo, akaenda bafuni. Nikakoroga sabuni. Nikatandika khanga kuukuu, nikalala chali chini ya lori.

Kila mtungi chini yake una koki ndogo. Upepo unaingia na unyevu, kwa hiyo dereva mzuri huifungua jioni maji yatoke, halafu anaifunga. Nilikuwaga namsifu mwanangu kwa watu: jamani, kijana anajali gari. Nikapaka povu koki ya kwanza, kimya. Nikapaka ya pili. Povu likavimba taratibu, likapasuka, likavimba tena. Nikaishika kwa vidole viwili. Ilikuwa imeachwa wazi upana wa uzi. Nikaikaza, povu likatulia. Basi. Nikabaki nimelala pale, maji ya sabuni yananiingia sikioni, namsikia bafuni anaimba.

Ijumaa asubuhi nilikaa kwenye kigoda kando ya lori. Akapanda, akaona mshale uko juu, akagonga kioo mara mbili. Nilikuwa nimeomba usiku kucha afurahi, aniite, aseme mamkubwa njoo uone. Hakuniita. Alishuka akainama moja kwa moja kwenye ile koki, kumbe ndiyo anayoilegeza jioni na kuikaza asubuhi.

"Nimeifunga mie," nikamwambia.

Akainuka anafuta mikono ambayo haikuwa michafu. "Shikamoo mamkubwa."

"Mnunuzi ni nani wako?"

"Mamkubwa, ngoja nikueleze..."

"Nani wako?"

Alikuwa kaka wa mkewe. Walishapatana gari liwe lao wawili. "Nimeliendesha miaka yote hii," akasema, sauti imeanza kupanda. "Siku ukifa, wanao watakuja huku wanipokonye ufunguo. Ulitaka nifanyeje?"

"Ungeniomba."

"Ungenipa?"

Mpaka leo sijui. Ninachojua ni kwamba hakuniomba. Miezi minne ananiangalia nahangaika, ananiacha niende kumtukana mzee wa watu, halafu jioni anakuja kukaa mkekani kwangu kula ugali. Walihama kabla ya mchana. Jumamosi mnunuzi hakutokea.

Jumatatu nikaenda Temeke. Nilimtukana fundi mbele za watu, nikataka na radhi nimwombe watu wakisikia. Akanikaribisha kwenye benchi, akaagiza chai. Nikamweleza habari ya koki tangu mwanzo. Akawa anatikisa kichwa, lakini hakushangaa. Nikamtazama vizuri.

"Fundi, ulijua."

"Mara ya pili nilipokuja, bi mkubwa, niliona alama za vidole kwenye grisi ya ile koki. Mbichi kabisa."

"Ukanyamaza."

"Ningekuambia mwanao anakuhujumu, ungemwamini nani?"

"Yeye."

"Sasa je?"

"Ungeniambia! Ningekutukana siku ile ile, halafu ningekwenda kuangalia."

Akasema mambo ya familia yana wenyewe. Kumbe hata wenzake wa gereji walijua. Dereva wa tipa la mtaa wa pili alijua, ananipungiaga mkono kila siku. Chai ikaletwa, sikuinywa.

Lori sikuliuza. Nilipata dereva mwingine, mtu mzima, hana neno. Kila jioni akishaegesha natandika khanga naingia chini na bakuli langu, napaka koki zote mbili, na yeye amesimama pembeni.

Juzi akaniuliza, "Bibi, mwaka mzima sasa, bado huniamini?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Sogea, unanizibia mwanga."