Kidonge Kilichomshinda Mjomba Wangu

Wewe uliyekaa kwenye benchi na kadi ya kliniki mkononi, na wewe uliyemleta mgonjwa wako, nisikilizeni kidogo. Naitwa Zuhura. Ugonjwa wangu unaitwa skizofrenia. Nitaeleza polepole, maana hata mimi nilielezwa polepole. Ila niwaambie mapema: kama mmezoea ushuhuda unaoishia kwenye msamaha, huu wangu haujafika huko.

Kabla ya kuugua nilikuwa nauza mayai ya kuchemsha stendi ya Korogwe. Nilipanga chumba mtaa wa Manundu, humo humo mjini, pamoja na mdogo wangu Asha, ambaye ni fundi cherehani. Basi likiingia, sisi wauzaji tunalikimbilia, kila mtu na ndoo yake, na mimi mbio nilikuwa nazo. Kwetu hasa ni Misima, Handeni. Mama alipofariki alituachia shamba la mahindi na mihogo. Kaka yake mama, mjomba Rajabu, ndiye aliyebaki mkubwa wa ukoo. Kwetu Wazigua mjomba akisema, watu wanakaa chini.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Kwanza usingizi ulipotea. Kisha namba za mabasi zikaanza kunihusu. Likiingia basi lenye saba kwenye namba yake, nilijua ni ujumbe wangu, na ujumbe wenyewe ni mbaya. Abiria akikohoa, amenikoholea mimi. Baadaye nikaanza kusikia wanaume wawili wakinisema. "Ona anavyotembea. Ona sasa anainama." Nikigeuka hakuna mtu. Hayakuwa mawazo. Niliwasikia kwa masikio haya, kama unavyonisikia sasa. Nikaacha kuoga kwa sababu walikuwa wananitazama. Nilinuka. Siku moja nikiwa kwenye hedhi nilitembea hadi Kwamndolwa na kanga iliyoloa damu, wala sikuona shida. Siku nyingine abiria alitoa mkono dirishani kuchukua yai, nikamng'ata.

"Zuhura, kinacholiwa ni yai, siyo mteja," mwenzangu mmoja alisema, na stendi nzima ikacheka.

Asha hakucheka. Alinifunga kanga kiunoni, akanishika mkono, akanipeleka hospitali.

Nilichomwa sindano ya aina ya zamani. Siisemi vibaya, ilinituliza siku ile. Lakini kesho yake shingo ilipinda upande, ulimi ukawa mzito, mate yakatiririka mpaka kifuani. Walinipa dawa ya kulegeza misuli, shingo ikarudi. Wiki zilizofuata nilitembea kama mtu aliyebeba mlango mgongoni. Ndipo tabibu wa kliniki ya afya ya akili, mama mmoja mtaratibu, alipoamua kunibadilishia. Akaniandikia kidonge cha aina mpya, olanzapini, kimoja kila jioni.

Asha akauliza, "Na hiki nacho kitampinda?"

"Kaa nikueleze," tabibu akasema. "Dada yako anafanya kazi gani?"

"Anauza mayai stendi."

"Basi tuanzie hapo hapo stendi. Kwenye ubongo kuna kemikali inaitwa dopamini. Inapeleka habari: tazama hiki, hiki kina maana. Ni kama hawa wauzaji wanavyokimbilia madirisha ya basi. Kwa dada yako, katika sehemu fulani ya ubongo wauzaji wamekuwa wengi mno. Wanagonga kila dirisha. Ndiyo sababu kikohozi cha mtu kina maana, namba ya gari ina maana, hata kivuli kina maana. Dawa haiwafukuzi wauzaji. Inakaa dirishani na kulifunga. Watagonga, lakini ndani kelele zinapungua."

"Ile sindano je?"

"Nayo inafunga madirisha. Ila inayabana sana, mpaka la dereva. Dereva asipoona, gari haliendi sawa. Ndiyo ile shingo, ndiyo ule mwendo. Hiki kidonge hakibani kwa nguvu ile. Tena kinagusa kemikali nyingine, serotonini, na hiyo inamsaidia dereva aendelee kuona njia. Sikudanganyi, nacho kina madhara yake. Atalala sana. Atakula sana na kunenepa, na sukari inaweza kupanda. Kwa hiyo kila akija tutampima."

"Atapona lini?"

"Usingizi utarudi baada ya siku chache. Sauti zinaweza kuchukua wiki kadhaa. Akitulia, msiseme ugonjwa umekwisha. Madirisha yamefungwa tu. Akiacha dawa yatafunguka, lakini si siku hiyo hiyo."

Ikawa kama alivyosema. Wiki ya kwanza nililala tu. Mdomo ulikauka, choo kikawa kigumu. Njaa ikanishika mpaka Asha akawa anaficha sufuria ya ugali chini ya cherehani. Wiki ya tatu wale wanaume walisikika kama wako chumba cha pili. Wiki ya sita siku nzima ilipita wasiseme kitu. Nikaliona basi lenye saba likiingia, na lilikuwa basi tu. Nilisimama na ndoo yangu nikalia.

Nikarudi kazini. Kwa miezi minane nilikuwa mzima, nimeongezeka kilo kumi na nne.

"Umenona wewe, nani anakulisha?" wenzangu waliuliza.

"Daktari," niliwajibu.

Mjomba alisikia nimepona, akaja Manundu. Alikaa kwenye stuli ya Asha, akazungumza kwa upole.

"Mwanangu, mama yenu hajatambikiwa. Mizimu ndiyo inayokusumbua. Twende nyumbani tumalize hili jambo. Lakini dawa ya hospitali na jambo la mizimu havikai tumbo moja. Ukichanganya, wazee wanaona unawadharau."

Nikuambie ukweli, hakunilazimisha. Nilikuwa nimechoka kunenepa. Nilikuwa nimechoka kuamka na kichwa kizito kama gunia lililonyeshewa. Nikaenda Misima. Asha alibaki na nguo za wateja.

Mjomba alichinja mbuzi mweusi. Unga na maji vikamwagwa kaburini, jina la mama likatajwa. Sicheki tambiko. Nilimlilia mama yangu pale na moyo ukapumua. Mbuzi hakuwa kosa. Kosa ni kwamba mjomba alichukua vidonge vyangu akavimwaga chooni, na mimi nikasimama pembeni natazama.

Wiki ya kwanza nilikuwa mzima. Ya pili, mzima. Ya tano nilikuwa mzima na mwepesi, kichwa kimefunguka. Mjomba alizunguka kijiji kizima akitamba.

"Mnamwona? Hospitali miezi yote ile. Mbuzi mmoja tu, kwisha."

Watu waliamini. Mimi mwenyewe niliamini. Hapa ndipo wengi wetu tunapodanganyika, kwa hiyo nieleze taratibu. Ukiacha dawa leo, ugonjwa hauji kesho. Unaweza kuchukua wiki, hata miezi. Katika kipindi hicho, chochote ulichofanya siku ulipoacha kinapewa sifa: mbuzi, maji ya baraka, hirizi, mwarobaini. Mbuzi wa mjomba alisifiwa kwa kazi ya kidonge.

Wiki ya saba usingizi ulikatika. Wale wanaume wawili wakarudi, na mmoja sasa alikuwa na sauti ya mjomba. Mjomba akanifunga kwenye nguzo ya jiko kwa kamba ya katani. "Asije akatuchomea nyumba," aliwaambia majirani. Siku kumi na moja. Nilijisaidia hapo hapo nilipokaa. Kamba ilikula ngozi, vidonda vikatoa usaha, nzi wakakaa. Alama ndizo hizi, zishike kama unataka. Asha akipiga simu, mjomba anamjibu, "Dada yako amelala, anaendelea vizuri."

Siku ya tisa alikuja na karatasi na kidau cha wino. Akafungua mkono mmoja tu, wa kulia. Akabonyeza dole gumba langu kwenye wino, kisha kwenye karatasi.

"Ni mambo ya matibabu yako," alisema.

Baadaye nilijua ilikuwa karatasi ya kumpa yeye shamba letu.

Siku ya kumi na moja Asha alitokea bila kutoa taarifa. Alimpita mjomba mlangoni bila kumsalimia. Kwetu hilo ni zito kuliko tusi. Akatoa mkasi wake wa kitambaa mkobani, akakata kamba. Mjomba alisema, "Unavunja nyumba ya wazee." Asha aliendelea kukata.

Tukaanza upya na kidonge kile kile. Safari hii nilichelewa kutulia. Tabibu alisema ndivyo inavyoweza kuwa, ugonjwa ukirudia unaweza kuwa mgumu zaidi. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ulipochoka kunenepa ungeniambia. Tungepunguza kipimo au tungetafuta dawa nyingine. Hilo ni letu sote wawili."

Kila jioni nikiweka kidonge ulimini nilisema moyoni, "Hiki ni chako, mjomba." Wengine humeza dawa kwa kuwapenda watoto wao. Mimi nilimeza kwa kumchukia mtu mmoja, na dawa ilifanya kazi vilevile. Nikisinzia mchana, namkumbuka yeye na kuamka. Nikitaka kuruka siku, namkumbuka na kumeza. Siku sauti zilipokoma kabisa, sikusherehekea. Nilimwambia Asha, "Sasa twende barazani tukadai shamba."

Mjomba alikuwa ameshalima shamba letu. Siku ya shauri, baraza la kijiji lilijaa kuliko kawaida. Watu walikuja kumtazama kichaa. Mjomba akasimama na kofia yake mkononi.

"Wazee, nawauliza tu. Mtamsikiliza mwendawazimu? Huyu aling'ata mtu Korogwe. Maneno yake yana uzito gani?"

Mwenyekiti akanigeukia. "Binti, una la kusema?"

"Shikamoo mwenyekiti. Shikamoo mjomba."

Nilimsalimia makusudi. Mbele za watu hakuwa na njia, akaitikia marahaba.

"Mjomba anasema mimi ni mwendawazimu na maneno yangu hayana uzito," nikasema. "Sawa. Na dole gumba la mwendawazimu, lenyewe lina uzito? Kama siku ile nilikuwa mzima, hizi alama za kamba mikononi ni za nini? Kama nilikuwa kichaa, karatasi yake ni ya nini? Achague moja. Lolote atakalochagua nalikubali."

Nikakunja mikono ya gauni, baraza likaona. Kisha mama mmoja nyuma akasema, "Rajabu, chagua basi, tumeanika mihogo."

Watu wakacheka, na safari hii hawakunicheka mimi. Mjomba alifungua mdomo, akafunga. Nilimtazama ulimi unavyomwia mzito, nami ulimi mzito naujua. Sikumwonea huruma hata kidogo. Niliona raha.

Baraza liliikataa karatasi ile. Shamba likarudi kwetu.

Sasa nalima mimi. Njia ya mjomba kwenda kisimani inapita katikati ya shamba. Asha alisema tuweke miiba. Nikakataa. Nataka apite. Nataka kila siku ayaone mahindi ya kichaa yalivyonyooka. Akipita nasema, "Shikamoo mjomba," naye analazimika kuitikia. Imamu ameniambia nisamehe, na jirani yangu wa kanisani naye ameniambia hivyo hivyo. Labda ipo siku. Kidonge hakiulizi kama umesamehe.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Asha na mkasi wake. Namshukuru tabibu aliyenieleza mpaka nikaelewa, kwa sababu usichokielewa utaambiwa ukimwage. Uzito umepungua kidogo tangu niache soda na kuanza kutembea. Sukari napimwa kila inapotakiwa. Pengine dawa yako si hii yangu, kila mtu ana inayomfaa, na daktari wako ndiye wa kuulizwa. Nawe uliyemleta mgonjwa, usimfunge kamba. Mlete hapa, hata kama anang'ata.

Sote tunaomeza hivi vidonge tuna mtu mahali fulani anayependa tubaki wagonjwa. Mtu huyo hana kazi kubwa. Anasubiri siku moja tu, siku kopo lako litakapokuwa tupu. Usimpe siku hiyo. Vidonge vikibaki vya siku saba, chukua kadi yako uje kliniki uchukue vingine.