Maji Yaliyopinda Mbele ya Mkaguzi

Miaka michache baada ya Uhuru nilitoka kwetu Suna kwenda kufundisha kemia katika shule moja ya wavulana huko Homa Bay. Cheti sikuwa nacho, nilikuwa na mdomo tu. Mkaguzi wa shule alipotangaza kuja, mwalimu mkuu aliniambia wazi: akiridhika, nathibitishwa kazini, asiporidhika, nirudi Suna nikapalilie mihogo ya mama.

Nikaapa sirudi. Nilichagua somo la molekuli zenye pande mbili za umeme, kwa sababu lina kioja chake: unasugua kitana cha plastiki kwenye nywele, unakisogeza karibu na maji yanayochuruzika membamba, nayo yanapinda kukifuata. Mafuta ya taa hayapindi hata kidogo. Mtu akishaona hivyo atabisha nini?

Siku moja kabla, niliwaamuru wavulana waje safi. Na kwetu huku, aliye safi ni aliyejipaka mafuta. Mgeni akikukuta umepauka, ukoo mzima umeaibika. Wakaja wanang'aa kuanzia utosini. Mimi mwenyewe nilijipaka mpaka kola ikalowa.

Hebu niambie, mwalimu gani wa kemia anasahau kwamba nywele zenye mafuta hazitoi umeme? Mimi hapa. Nikasugua kitana kichwani mwangu, maji yakashuka wima. Nikasugua kichwani kwa kiranja, wima. Nikamaliza vichwa vyote vya mstari wa mbele, na mkaguzi, ambaye alikuwa na upara, akatazama saa yake. Jasho lilinitoka. Niliyachukia mafuta yote ya dunia.

Ndipo nikamkumbuka mpishi wetu. Asubuhi hiyo nilimwona ameosha nywele kwa sabuni ya mche, anazikausha kando ya moto. Nikakimbilia jikoni, nyuma ya darasa, penye harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani.

“Mama, nisaidie na kichwa chako.”

“Yawa! Kichwa yangu imefanya nini?”

“Nataka kukichana tu, mbele ya mkaguzi.”

“Nywele yangu ibaki kwa kitana ya mtu? Wapi! Kesho niamke nikiongea na kuku?”

Alikuwa na haki. Huku nywele za mtu haziachwi ovyo. Mwenye nia mbaya akizipata, amekupata. Nikamwapia kwamba kila unywele utarudi mkononi mwake. Akaja, mwiko ungali mkononi.

Nikamchana. Kitana kikaalika. Nikakisogeza, na maji, jamani, yakapinda! Darasa likapiga kelele. Nikajaribu mafuta ya taa: wima. Nilitaka kulia kwa furaha.

Mkaguzi hakutabasamu. “Kwa nini maji yapinde, na mafuta ya taa yasipinde?” akawauliza wavulana. Mwezi mzima wamenakili, sasa wananitazama mimi kana kwamba nimewauzia mbuzi mgonjwa.

Mpishi alikuwa bado anangoja nywele zake. “Si ni ile blanketi,” akasema. Wote tukageuka. “Oksijeni na haidrojeni wanalala blanketi moja, lakini oksijeni ako na nguvu, anavuta kwake. Upande yake inakuwa hasi. Haidrojeni wanabaki na baridi, hao ni chanya. Kitana inavuta upande moja. Hiyo mafuta ya taa wanavutana karibu sawa, hakuna upande ya kushika.”

Hilo blanketi lilikuwa mfano wangu, neno kwa neno. Mkaguzi akamsogelea. “Na kaboni dayoksaidi je, mama? Ina oksijeni mbili.”

“Hiyo sijui. Siku hiyo mwalimu alifunga dirisha. Alisema omena yangu inanuka.”

Mkaguzi alicheka mpaka akavua miwani, kisha akatia sahihi. Nilithibitishwa kazini, uso ukiniwaka kwa aibu. Kesho yake nilirudia somo la kaboni dayoksaidi, dirisha wazi, na omena ilinuka mpaka kengele ikalia.