Kilo Ishirini na Tatu Kamili

Kwenye dirisha la vifurushi la kampuni moja ya mabasi alikaa karani aliyeitwa Mzee Kilo. Jina hilo hakupewa na mamaye. Alilipata kwa sababu alikuwa ananyanyua begi kwa mkono mmoja, anataja uzito wake, ndipo analiweka kwenye mizani ili mwenyewe ashuhudie. Miaka kumi na tisa hakuna begi lililomdanganya. Abiria akilalamika kuhusu ada ya mzigo uliozidi, Mzee Kilo humgeuzia tiketi na kumwambia, "Imeandikwa hapa. Ungesoma." Aliwahi kumfungulisha mama mmoja sanduku zima sakafuni, mbele ya watu, kwa ajili ya kilo mbili tu.

Sasa binti yake akajifungua mtoto wa kwanza ugenini, akamkatia baba tiketi ya ndege, na kwenye simu akamtumia ujumbe mrefu kuhusu mizigo. Mzee Kilo aliutazama urefu wake, akaufunga. Mkewe, ambaye alikuwa anabaki kumuuguza mamaye, alimuuliza mara mbili kama ameusoma. Akajibiwa kwamba kwa habari za mizigo, hao wenye ndege ndio wangekuja kujifunza kwake. Mwenzake kazini aliwahi kusafiri na kilo ishirini na tatu. Basi naye angebeba ishirini na tatu.

Alipanga siku mbili nzima. Nguo za mtoto, shali aliyofuma mkewe, suti mbili na viatu jozi tatu, maana mkwe wake alikuwa mwalimu na hakutaka kudharauliwa. Mwishoni akapunguza soksi, akanyanyua begi, akatabasamu peke yake.

Kaunta ya uwanja wa ndege ilikuwa na dada mpole aliyeitazama tiketi yake kwa muda. Akamweleza kwamba ilikuwa tiketi ya bei ya chini, inayoruhusu mkoba mdogo wa mkononi tu, usiozidi kilo saba. Mzee Kilo akamwomba apime kwanza. Mizani ikasoma ishirini na tatu, hakuna nukta iliyozidi. Akageukia foleni nyuma yake kana kwamba anangoja kupigiwa makofi.

"Ni kweli, mzee," dada akasema. "Kilo ishirini na tatu kamili. Lakini hujalipia hata moja."

Ada ya pale kaunta ilikaribia bei ya tiketi. Angelipia mapema, ingekuwa nusu yake. Akauliza hayo yameandikwa wapi. Dada akamwonyesha mstari wa nne wa tiketi yake mwenyewe. Hakuuliza tena, kwa kuwa jibu ambalo lingefuata alikuwa analijua kwa moyo. Mkuki kwa nguruwe.

Fedha ya kulipa hakuwa nayo. Akapiga magoti sakafuni, akafungua begi. Shemeji yake, dereva wa teksi aliyemsindikiza, akapokea vya kurudishwa nyumbani, kimoja kimoja, bila haraka yoyote.

"Viatu jozi tatu, shemeji," akasema. "Miguu unayo mingapi?"

Nguo za mtoto, shali na shati moja vikaingia kwenye mkoba wa mkononi alimokuwa ametia hati na dawa zake. Akasafiri hivyo.

Majuma mawili alivaa suruali za mkwe, zilizoishia juu ya vifundo vya miguu. Siku ya tatu, akiwa amempakata mjukuu, akaona hana budi kuungama, akafungua ule ujumbe na kuusoma kwa sauti. Mstari wa mwisho ulisema: "Baba, ukitaka begi kubwa niambie nikulipie sasa, bado ni rahisi." Alicheka yeye kwanza, mpaka mtoto akaamka.

Aliporudi kazini alimwita mchora vibao, akaandikisha masharti ya mizigo ukutani kwa herufi kubwa, pale pale watu wanapokata tiketi. Bado wengi hawasomi. Mtu akifika na mzigo uliozidi, Mzee Kilo humtolea kiti, akamsimulia safari yake huku akimsaidia kupanga upya. Ada bado anatoza. Wenzake wanalalamika kwamba foleni ya dirisha lile haisogei siku hizi, kwa sababu hata waliokwisha kupimiwa hawataki kuondoka.